Ndoano ya Angani: Ufundi wa Kareem Abdul-Jabbar

Katika misimu 20 ya ligi ya NBA ya Marekani, kuanzia mwaka 1969 hadi 1989, Kareem Abdul-Jabbar alifunga pointi 38,387. Aliipita jumla ya Wilt Chamberlain mwaka 1984, na rekodi ikabaki mikononi mwake karibu miaka 39, hadi LeBron James alipoivunja tarehe 7 Februari 2023. Ukiichambua hesabu hiyo, pointi 6,712 zilitokana na mitupo huru, ile inayotolewa mchezaji anapofanyiwa madhambi. Pointi 3 tu zilitokana na mtupo wa mbali, ambao alifanikiwa mara moja katika maisha yake yote ya ligi. Zilizobaki alizipata mbili mbili, mara 15,836, nyingi akiwa hatua chache kutoka kikapuni.

Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 usiku mmoja wa Machi 1962. Abdul-Jabbar hakuwahi kufikisha hata 60 katika mchezo mmoja. Usiku wake mkubwa kuliko yote ulikuwa wa pointi 55. Ukuu wake ulikuwa wa kurudia jambo lilelile jioni baada ya jioni, katika michezo 1,560 ya msimu wa kawaida, na wastani wake ulikuwa pointi 24.6 kwa mchezo. Jambo hilo lilikuwa mtupo wa ndoano, ambao Eddie Doucette, mtangazaji wa timu yake ya kwanza ya Milwaukee Bucks, aliupa jina la ndoano ya angani. Mchezo wa kikapu umetoa wafungaji wenye hila nyingi kuliko yeye. Hakuna aliyechukua kitendo kimoja akakisafisha kwa muda mrefu namna ile.

Ndoano huanza mchezaji akiwa amekipa kikapu mgongo. Abdul-Jabbar alipenda kusimama upande wa kushoto, nje kidogo ya mstari wa eneo lililopakwa rangi mbele ya kikapu, mlinzi akiwa nyuma yake amemkandamiza kwa kifua na mkono. Mpira ulimfikia hapo. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mbali na mikono ya watu, na kwa sekunde moja hakufanya chochote kilichoonekana kwa watazamaji. Kumbe wakati huo ndio alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko zote: kuusikiliza kwa mgongo uzito wa mlinzi. Mlinzi aliyeegemea mstari wa mwisho wa uwanja alimwachia njia ya katikati. Aliyeegemea katikati alimwachia njia ya mstari wa mwisho. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyechagua upande, ingawa hakujua.

Kisha ilikuja hatua moja ndefu ya mguu wa kushoto. Katika hatua hiyo kichwa ndicho kilichogeuka kwanza, kabla ya kiuno na kabla ya mikono, ili jicho likione kikapu juu ya bega. Wanaojaribu kuiga ndoano huanza kuharibikiwa hapa, kwa sababu hurusha mpira kwanza na kutazama baadaye. Yeye alikuwa ameshakiona kikapu mpira ungali nyongani. Bega la kushoto lilielekea kwenye pete, mkono wa kushoto ukakunjwa mbele ya kifua kumweka mlinzi mbali bila kumsukuma, goti la kulia likapanda, na mguu wa kushoto ukausukuma mwili wote juu. Hapo mkono wa kulia ulitoka chini pembeni ukiwa umeubeba mpira, ukachora nusu duara hadi juu ya kichwa. Uliponyooka kabisa, kifundo kilikunjika na ncha za vidole zikautoa mpira ukizunguka kinyumenyume, laini, kuelekea nyuma ya ukingo wa mbele wa pete.

Umbali uliokuwapo kati ya mlinzi na mpira ulikuwa upana wa mabega ya Abdul-Jabbar pamoja na urefu wa mkono wake. Alikuwa na kimo cha mita 2.18, kikapu kiko mita 3.05 kutoka sakafuni, na mpira uliondoka mkononi karibu na usawa wa pete. Mlinzi aliyetaka kuufikia alilazimika kuruka kwa kuupinda mwili juu ya mwili wa mtu mwingine, na mara nyingi aliishia kufanya madhambi. Mtupo wa kawaida wa kuelekeana na kikapu huweka mpira kati ya mfungaji na mlinzi, hata kama ni kwa nukta moja. Ndoano huweka mwili mzima hapo. Wapinzani walijua mtupo unaokuja, walijua unatokea wapi, hata hivyo ujuzi huo haukuwasaidia sana.

Wapo wanaosema kimo ndicho kilichofanya kazi yote. Hoja hiyo haisimami. Mark Eaton wa Utah Jazz alikuwa na mita 2.24, na Manute Bol kutoka Sudan alikuwa na mita 2.31. Wote wawili walikuwa wazuiaji hodari waliotisha wafungaji, lakini hakuna kati yao aliyekuwa mfungaji. Urefu ulimpa Abdul-Jabbar mahali pa kuanzia. Kilichomfanya afanikiwe kwa asilimia 55.9 ya mitupo yake yote ya uwanjani, kwa miaka 20, ni miguu iliyokanyaga palepale, bega lililoshuka kwa kipimo kilekile, na vidole vilivyojua uzito wa mpira.

Wachache walimsumbua, na namna walivyomsumbua inaeleza ufundi wenyewe. Chamberlain, ambaye alikuwa mrefu na mwenye nguvu zisizo za kawaida, aliwahi kuzuia ndoano zake kadhaa mwaka 1972, karibu na mwisho wa maisha yake ya uchezaji. Nate Thurmond wa Golden State Warriors alitumia njia nyingine. Hakuhangaika na mpira uliokwisha kupaa; alipigania sakafu. Alimsogeza Abdul-Jabbar nusu hatua kutoka mahali alipotaka kupokea, ili hatua ya mguu wa kushoto ianzie mbali kidogo na mahesabu yote yavurugike. Abdul-Jabbar mwenyewe alimtaja Thurmond kuwa mlinzi aliyemkaba vizuri kuliko wengine. Ndoano, kumbe, hushindwa chini kabla ya kushindwa juu.

Alizaliwa New York tarehe 16 Aprili 1947, akapewa jina la baba yake, Ferdinand Lewis Alcindor. Baba alikuwa polisi wa usafiri wa jiji aliyesomea muziki katika chuo cha Juilliard na kupiga tromboni, na nyumbani muziki wa jazi haukukosekana. Kijana alirefuka upesi kupita wenzake wote. Akiwa bado shule ya msingi alifundishwa zoezi la George Mikan, senta (mchezaji wa karibu na kikapu) mkubwa wa miaka ya 1940 na 1950, lililobuniwa na kocha Ray Meyer wa chuo kikuu cha DePaul ili kumtoa Mikan katika uzito wa miguu. Mchezaji husimama chini ya kikapu, hurusha ndoano fupi ya mkono wa kulia kwa kuruka na mguu wa kushoto, huudaka mpira kabla haujagusa chini, huvuka upande wa pili, na kurusha ya mkono wa kushoto kwa mguu wa kulia. Kisha tena, na tena, bila kuushusha mpira chini ya kidevu.

Zoezi hilo halina uzuri wa kutazama. Hakuna mtoto anayelipenda siku ya kwanza. Lakini ndani yake mna kila kitu kilichohitajika baadaye: mguu mmoja, mkono wa upande mwingine, jicho la begani, mpira usioshuka. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu alikunjwa kabla mifupa haijamaliza kukua. Ni kazi ya mikono ya aina ileile ya msuka ukili, ambaye vidole vyake vimerudia njia moja mara nyingi hata macho yakitazama kwingine mkeka unaendelea. Mwili wake uliongezeka sentimita baada ya sentimita, na kila ulipoongezeka mtupo uliongezeka nao, kwa hiyo hakulazimika kujifunza upya akiwa mtu mzima.

Katika shule ya sekondari ya Power Memorial timu yake ilishinda michezo 71 mfululizo, na alipofika chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles mwaka 1965 jina lake lilikuwa limeshavuma nchi nzima. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuichezea timu kuu. Novemba mwaka huo timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yeye akifunga pointi 31, iliifunga timu kuu ya chuo 75–60, na timu kuu hiyo ilikuwa bingwa wa taifa. Mwaka uliofuata, katika mchezo wake wa kwanza halisi, alifunga pointi 56. UCLA ya kocha John Wooden ilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1967, 1968 na 1969, ikapoteza michezo miwili tu katika misimu hiyo mitatu.

Mmoja kati ya hiyo miwili ulichezwa Januari 1968 katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, mbele ya watazamaji 52,693, idadi ambayo mpira wa kikapu wa vyuo ulikuwa haujawahi kuiona. Alcindor alikuwa amekwaruzwa jicho siku chache kabla. Alipata mitupo 4 kati ya 18, na Houston ikashinda 71–69. Miezi miwili baadaye timu hizohizo zilikutana tena katika nusu fainali ya taifa, jicho likiwa limepona, na UCLA ikashinda 101–69. Tofauti ya michezo hiyo miwili inaonyesha kwamba ndoano hutegemea jicho kabla ya mkono. Mwaka 1974 alikwaruzwa jicho tena, akaipiga nguzo ya kikapu kwa hasira akavunjika mkono, na tangu hapo akaanza kuvaa miwani mikubwa ya kinga iliyokuja kuwa sehemu ya sura yake uwanjani.

Kilichoufanya mtupo huu uwe silaha yake kuu kilitoka mahali asipotarajia. Baada ya msimu wa 1966–67 wasimamizi wa mpira wa kikapu wa vyuo walipiga marufuku danki, yaani kuusokomeza mpira kikapuni kutoka juu ya pete. Walitaja majeraha na uharibifu wa vifaa. Watu wengi waliona ni kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kijana mmoja mweusi aliyekuwa mrefu mno na aliyeshinda mno, na wakaiita sheria ya Alcindor. Marufuku ilidumu hadi mwaka 1976, yeye akiwa ameshaondoka chuoni zamani. Wooden alimwambia kwamba ingemfanya mchezaji bora zaidi. Hata kama nia ya kanuni haikuwa njema, matokeo yake yalikuwa hivyo: aliyenyimwa njia fupi zaidi ya kufunga alitumia miaka miwili ya chuo kuinyoosha njia ndefu. Aliongeza umbali, akajifunza kurusha akiwa mita nne na zaidi, na mkono wa kushoto nao ukapata ndoano yake kwa ajili ya walinzi waliofunga njia ya kulia.

Miaka hiyo alisoma pia mambo yaliyo nje ya uwanja. Juni 1967 alikuwa miongoni mwa wanamichezo waliokutana Cleveland kumsikiliza Muhammad Ali aliyekataa kwenda vitani Vietnam. Mwaka 1968 alisilimu, na mwaka huohuo hakujiunga na timu ya Marekani ya Olimpiki, akabaki New York akifanya kazi na watoto wa mitaa ya kwao. Mwaka 1969 timu mbili mpya za ligi, Milwaukee Bucks na Phoenix Suns, zilirusha sarafu kuamua nani amchukue. Phoenix ilikosea upande.

Milwaukee ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu katika ligi. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 28.8. Wa pili alikuja Oscar Robertson, mpasiaji mwenye akili kuliko wote wa zama zake, aliyejua kuufikisha mpira kwa senta katika ile sekunde moja ambapo mguu wa mlinzi uko mahali pabaya. Bucks ilishinda michezo 66 kati ya 82 na kutwaa ubingwa wa 1971 kwa kuifunga Baltimore Bullets 4–0. Baada ya ubingwa huo Lew Alcindor alianza kutumia hadharani jina la Kareem Abdul-Jabbar. Msimu uliofuata wastani wake ulipanda hadi pointi 34.8, ambao haukuwahi kupitwa katika maisha yake yaliyobaki. Alikuwa na miaka 24.

Ndoano mashuhuri kuliko zote za Milwaukee ilirushwa katika fainali ya 1974 dhidi ya Boston Celtics, mchezo wa sita, ndani ya uwanja wa Boston Garden. Mchezo ulikuwa umeingia muda wa nyongeza mara mbili. Zikiwa zimebaki sekunde 7, John Havlicek aliiweka Boston mbele 101–100. Kila mtu uwanjani alijua mpira utakwenda kwa nani. Alipoupokea alikuwa mbali kuliko kawaida yake, upande wa kulia, karibu na mstari wa mwisho, mahali ambapo ubao haumsaidii mrushaji kwa lolote. Dave Cowens, mlinzi wake wa kawaida, alikuwa ameshatolewa kwa madhambi, na Henry Finkel ndiye aliyesimama mbele yake. Hakukuwa na wa kumpasia. Akapiga hatua ileile, akageuza kichwa vilevile, na mpira ukaingia bila kugusa ubao. Milwaukee ikashinda 102–101.

Boston ilishinda mchezo wa saba na kuchukua ubingwa, na pengine ndiyo sababu ndoano ile husimuliwa zaidi na wapenzi wa ufundi kuliko na wahesabu vikombe. Ilistahili hivyo. Mtu aliyechoka, baada ya dakika 58 za fainali, akiwa kwenye pembe mbaya, alifanya kitendo chake bila kukibadilisha hata kidogo. Uchovu huanza kuharibu vitu vidogo: goti halipandi vya kutosha, mkono unajikunja, kichwa kinachelewa. Hakuna kilichochelewa.

Aliomba kuhama, na mwaka 1975 Milwaukee ikampeleka Los Angeles Lakers. Miaka ya kwanza huko ilikuwa ya upweke. Haikukosa aibu pia: Oktoba 1977, baada ya kupigwa kiwiko na Kent Benson wa Milwaukee, alimrudishia ngumi, akavunjika mkono na kukosa michezo 20. Tarehe 4 Desemba mwaka huo, akiwa amesharejea, ulianza mfululizo wa michezo 787 ambayo katika kila mmoja alifunga pointi 10 au zaidi. Ulikatika tarehe 4 Desemba 1987, miaka 10 kamili baadaye. Kati ya takwimu zake zote, huu mfululizo ndio unaosema zaidi juu ya ufundi. Kufunga pointi 10 si jambo la ajabu kwa nyota. Kutokuwa na jioni hata moja mbaya kupita kiasi kwa miaka 10, pamoja na safari, mafua, vifundo vilivyoteguka na walinzi wawili wawili, ni jambo jingine kabisa.

Mwili uliobeba mfululizo huo ulitunzwa kwa njia ambazo wanamichezo wa zama zake walizishangaa. Alifanya yoga kabla haijawa desturi katika michezo ya Marekani. Tangu siku za UCLA alijifunza sanaa za kujihami kwa Bruce Lee mwenyewe, na mwaka 1972 alicheza naye pambano la filamu ya Game of Death. Lee alimfundisha namna ya kutumia nguvu kidogo kwa wakati unaofaa, na ndoano ni mtupo wa namna hiyo: hauhitaji kuruka juu sana wala misuli mikubwa. Mfungaji anayetegemea mbio na kuruka huanza kupungua akikaribia miaka 30. Yeye, msimu wa 1985–86, alipokuwa na miaka 38, alikuwa bado na wastani wa pointi 23.4.

Alipokuja Magic Johnson mwaka 1979, Lakers ilianza kucheza kwa kasi iliyowafurahisha watu. Kasi ilipozuiwa, mpira ulirudi kushoto mwa kikapu, kwa Kareem. Katika fainali ya 1980 dhidi ya Philadelphia aliteguka kifundo cha mguu katika mchezo wa tano, akarudi uwanjani na kumaliza na pointi 40. Mchezo wa sita hakuweza kucheza, na Johnson, mwenye miaka 20, akashika nafasi yake na kufunga 42. Ulikuwa ubingwa wa kwanza kati ya mitano waliyotwaa pamoja. Tarehe 5 Aprili 1984, mjini Las Vegas, Johnson ndiye aliyempasia mpira upande wa kulia katika robo ya nne, Mark Eaton akiwa jirani. Ilihitajika ndoano moja kuipita jumla ya Chamberlain ya pointi 31,419, na ndoano ndiyo aliyoirusha.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mtihani ulioonekana kuwa wa mwisho. Katika mchezo wa kwanza wa fainali ya 1985, Boston iliifunga Lakers 148–114. Abdul-Jabbar, mwenye miaka 38, alipata pointi 12 na ribaundi 3 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa), akionekana mzee kabisa, na Lakers ilikuwa haijawahi kuishinda Boston katika fainali yoyote kati ya nane zilizotangulia. Timu ilipokaa kutazama mkanda wa mchezo huo, yeye, aliyezoea kukaa nyuma, alikaa mbele. Kabla ya mchezo wa pili alimwomba kocha Pat Riley amruhusu baba yake kupanda basi la timu. Usiku huo alifunga pointi 30, akachukua ribaundi 17 na kutoa pasi 8 za mabao, na Lakers ikashinda 109–102. Ilimaliza kazi katika mchezo wa sita, Boston kwenyewe, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, miaka 14 baada ya kuchaguliwa mara ya kwanza akiwa Milwaukee.

Haifai kumsifu kwa yale ambayo hakuwa nayo. Ribaundi zake zilipungua sana katika miaka ya mwisho, na vijana wenye nguvu walimsukuma watakavyo. Mitupo yake huru ilikuwa ya kawaida, asilimia 72.1. Lakini Juni 1988, katika mchezo wa sita wa fainali, Detroit Pistons ikiwa mbele kwa pointi 1 na sekunde 14 zimebaki, alifanyiwa madhambi na Bill Laimbeer katikati ya ndoano, akasimama kwenye mstari na kuingiza yote miwili. Lakers ilishinda 103–102, kisha ikatwaa ubingwa. Alistaafu mwaka 1989 akiwa na miaka 42, mataji sita na tuzo sita za mchezaji bora wa ligi, idadi ya tuzo ambayo hakuna mwingine aliyeifikia.

Swali ambalo wapenzi wa kikapu hurudia ni kwa nini mtupo usiozuilika haukupata warithi. Johnson alijifunza kiasi chake kwa kumtazama Kareem mazoezini, na katika fainali ya 1987 aliishinda Boston kwa ndoano ndogo zikiwa zimebaki sekunde 2, matokeo yakiwa 107–106. Wengi waliofuata walichukua ndoano fupi ya kuruka kwa miguu yote miwili, iliyo rahisi kujifunza na isiyofika mbali. Ndoano ndefu yenye hatua, nusu duara na mkono ulionyooka, ilikaribia kutoweka.

Sababu inayotajwa zaidi ni mstari wa pointi tatu, ulioingia NBA msimu wa 1979–80. Mtupo wa mbali unaofanikiwa kwa asilimia 36 huleta pointi 1.08 kila unaporushwa, na timu zikaona hakuna haja ya kuhangaika karibu na kikapu. Hesabu hiyo haimgusi Abdul-Jabbar: kwa asilimia 55.9, mtupo wake ulileta karibu pointi 1.12. Sababu yenye uzito zaidi ni kanuni za mwaka 2001 zilizoruhusu ulinzi wa eneo, maana sasa mlinzi wa pili anaweza kusimama mbele ya senta na kuukata mpira kabla haujamfikia. Juu ya hayo, warefu wa leo hufundishwa tangu utotoni kukielekea kikapu, kukokota mpira na kurusha wakiwa mbali. Mgongo wao haujui kusikiliza uzito wa mtu.

Abdul-Jabbar hakuuficha ujuzi wake. Msimu wa 1998–99 alikwenda Arizona kuwafundisha vijana wa shule ya Alchesay katika eneo la Waapache wa White Mountain, akaandika kitabu juu ya msimu huo. Kuanzia mwaka 2005 Lakers ilimwajiri kumfundisha Andrew Bynum, senta aliyesajiliwa akiwa na miaka 17. Lakini hata miaka 17 ni kuchelewa, na kocha wa ligi anayepimwa kwa ushindi wa wiki hii hawezi kumvumilia mtu anayekosa mtupo mpya kwa misimu miwili mitatu. Mwenye muda huo ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, aliye na mtoto mrefu wa miaka 9, kikapu kimoja na zoezi la Mikan.